Kumfuata Taa Chini ya Maji

Nikiwa field mwaka jana, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, samaki akishazama, watu wanajuaje kaelekea wapi?" Nikajibu haraka, "Kwa satelaiti." Nilimdanganya. Mawimbi ya redio hayafiki mbali kwenye maji ya chumvi. Kinachofika mbali ni sauti.

Chukua taa (samaki, siyo ya umeme) wa Ghuba ya Chesapeake, Marekani, mahali mito mingi inapokutana na bahari. Kila kiangazi taa huingia humo kwa makundi, kula na kuzaa. Watafiti wa Smithsonian na wenzao waliwawekea baadhi yao kifaa kidogo kinachotoa mlio tusioweza kuusikia, kila kimoja na namba yake. Majini kukawa na vipokezi. Taa akipita karibu, kipokezi kinaandika namba, tarehe na saa. Mengine yote unaunganisha mwenyewe. Na kipokezi kikikaa kimya, usiseme taa hayupo; huenda kapita mbali kidogo tu.

Matokeo yalichapishwa 2018. Wakati wa baridi, taa wa Chesapeake na wa Georgia walikutana karibu na Cape Canaveral, Florida. Joto liliporudi, wengi walirejea mto uleule waliokamatiwa.

Hilo siyo jambo dogo. Utafiti wa 2007 uliwalaumu taa kwa kumaliza kombe, watu wakawaona waharibifu, na mashindano ya kuwapiga mishale yakapata sababu. Waliouawa wengi walikuwa majike wenye mimba, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Uchambuzi wa 2016 ukaonyesha lawama ile haikuwa na msingi. Mwaka 2017 Maryland ikasimamisha mashindano. Sasa fikiria: kama kila kundi lina mto wake, ukilimaliza, la mto wa jirani haliji kesho kuziba pengo.

Wenzangu wa ualimu, somo hili halihitaji bahari. Tawanya wanafunzi sita uwanjani wakiwa wamefumba macho, mmoja apite anatikisa funguo. Anayesikia anyooshe mkono, wewe andika saa. Kisha wachore njia aliyopita. Watabishana sana kuhusu pale ambapo hakuna aliyesikia kitu. Waache wabishane, hata kengele ikigongwa.