VUMBI LA RUIRI NA MACHO MAKAVU: JINSI YA KUCHAGUA MIWANI YA KUKINGA



Mvua za masika zikiisha, upepo huanza kuvuma Ruiri, kule nchi inakoteremka kuelekea Isiolo. Udongo uliolimwa hupeperuka, na siku za kupura na kupepeta maharagwe makapi hujaa hewani. Kila mtu hufikicha macho. Lakini kwa mwenye macho makavu, taabu hiyo haiishi jioni.

Ugonjwa huu ni nini? Jicho limefunikwa na utando mwembamba wa machozi. Chini una ute, katikati maji, na juu mafuta yatokayo kwenye vitundu vidogo vya kingo za kope. Mafuta yakipungua, au upepo ukizidi, maji hukauka upesi. Jicho huchoma kama lina mchanga, na kuona huwa na ukungu mpaka upepese kope. Wengine husema, "Macho yangu si makavu, maana hutiririka machozi." Usidanganyike. Jicho lililoumizwa na ukavu humwaga machozi mengi ya maji matupu, ambayo hayakai. Wazee, wanawake waliokoma hedhi, na wenye ugonjwa wa sukari hupatwa zaidi.

Miwani ya kukinga hufanya kazi kama kifuniko cha sufuria: huzuia upepo usiingie na mvuke wa machozi usitoke. Basi ukienda kununua, fuata mambo haya:

1. Tazama pengo kwanza. Vaa miwani, kisha pitisha kidole kuzunguka ukingo wake, juu, chini na pembeni. Halafu mwombe mwenzako apepee kwa karatasi ngumu karibu na sikio lako. Ukisikia upepo kwenye kope, hiyo haikufai, hata ikiwa ya bei kubwa.

2. Chagua kulingana na kazi. Kwa palizi, kupepeta na kupanda pikipiki, yafaa miwani iliyopinda kufuata uso, yenye ukingo wa sponji au mpira laini. Kwa kunyunyizia dawa, hutakiwa miwani mikubwa inayofunika macho yote, isiyo na matundu wazi. Soma pia kibandiko cha dawa, kwa kuwa dawa nyingine hutaka uso mzima ufunikwe. Miwani yenye alama EN 166 huwa na tarakimu kwenye fremu: 3 ni ya kukinga matone ya maji, 4 ni ya vumbi la chembe kubwa, na 5 ni ya vumbi laini na gesi.

3. Usinunue weusi. Kioo cheusi hakizuii upepo. Tena kioo cheusi kisichozuia mionzi mikali ya jua hupanua mboni, na mionzi huingia zaidi. Tafuta kilichoandikwa UV 400. Kwa kazi za jioni, chukua kioo cheupe.

4. Jaribu kama inashika ukungu. Miwani iliyobana sana huzibwa na jasho. Ile yenye vitundu vilivyofichwa, au kioo kilichopakwa dawa ya kuzuia ukungu, ni bora. Ukivaa, tembea kidogo kabla ya kulipa.

5. Kama unavaa miwani ya kuonea, nenda nayo dukani. Chagua ya kukinga iliyo pana, ikae juu yake bila kuisukuma. Ama mwulize fundi wa miwani akutilie vizuizi vya pembeni. Hivyo hupunguza upepo, lakini havizibi kabisa.

Utunzaji ni rahisi. Usipanguse vumbi likiwa kavu, maana litakwaruza kioo. Suuza kwa maji, kisha osha kwa sabuni kidogo. Sponji iliyolowa dawa ya shamba itupwe. Wala usimwazime miwani mtu mwenye macho mekundu yanayotoa usaha.

Kumbuka kwamba miwani hukinga, haiponyi. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, dakika tano hadi kumi, husaidia mafuta kutoka. Usitie jichoni maziwa, sukari wala maji ya majani. Usitumie dawa ya macho ya jirani, kwa maana nyingine zina steroidi, ambayo huweza kuongeza shinikizo ndani ya jicho na kuzidisha vidonda.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa maumivu yanazidi, kuona kumepungua, mwanga unachoma, kuna doa jeupe, au jani la hindi limekuchoma jichoni. Jeraha dogo la jani huweza kuingia kuvu na kupofusha jicho. Dawa ya shamba ikiingia, osha papo hapo kwa maji safi mengi dakika 15 au zaidi, kisha nenda na kibandiko chake.

Jambo la mwisho. Katika nyumba nyingi miwani hununuliwa kwa ajili ya anayenyunyizia dawa, na mama anayepepeta kutwa nzima hana kitu. Kabla ya mavuno, kaeni pamoja mhesabu ni macho ya nani yanayopata vumbi zaidi, na ni ya nani yaliyo makavu tayari. Huyo asikose yake. Mwenye swali amwulize Bwana Shamba au mhudumu wa afya wa kijiji chake.