Maua, Upepo na Maziwa: Somo la Uholanzi na la Kajiado

Wageni wengi wanaozuru nchi ya Uholanzi hupenda kukodi motokaa kwa siku moja ili waende kutazama mambo matatu: mashamba ya maua yaitwayo tulipu, vinu vya upepo, na mashamba yanakotengenezwa jibini. Jioni hurudi mjini wamefurahi, wana picha nyingi na kipande cha jibini mkononi. Ni matembezi mazuri. Lakini atazamaye bila kuuliza hurudi na picha bila maarifa, maana mambo hayo hayakuwekwa pale ili yapendeze macho ya wageni. Yalikuwa kazi ya watu waliohangaika na maji miaka mamia.

Mtu wa Kitengela au wa Kajiado hana haja ya kupanda ndege ili ayaone mambo matatu ya namna hiyo. Yamo katika kaunti yake mwenyewe, na yaweza kuzungukwa kati ya asubuhi na jioni: maua katika Kitengela na Isinya, maziwa katika kila boma, na mitambo ya upepo huko Kipeto na juu ya vilima vya Ngong. Katika somo hili twapenda kuzitazama nchi hizi mbili pamoja, na kila tufikapo tutauliza swali moja: Je, maji yatoka wapi, na ni nani ayatunzaye?

NCHI ILIYO CHINI YA BAHARI

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini Waholanzi walijenga vinu. Yapata robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Bahari huzuiliwa kwa matuta makubwa, na maji ya mvua yanayokusanyika ndani ya matuta hayawezi kutoka yenyewe. Hayana budi kuinuliwa na kumwagwa katika mifereji iliyo juu zaidi. Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa na vinu vya upepo. Upepo ulizungusha mabawa, mabawa yakazungusha gurudumu, na gurudumu likachota maji na kuyapandisha. Kwa kuwa kinu kimoja hakikuweza kuyapandisha sana, viliwekwa kadhaa kwa safu, kila kimoja kikipokea maji ya mwenzake. Kwa njia hiyo ziwa la Beemster lilikaushwa kabisa mwaka 1612, likawa malisho na mashamba. Huko Kinderdijk vimesalia vinu 19 vilivyojengwa kiasi cha mwaka 1740, ambavyo wageni huvitazama hata leo, ingawa kazi kubwa ya kuvuta maji sasa hufanywa na pampu za injini na umeme.

Lakini kinu peke yake si siri ya Waholanzi. Siri yao ni baraza. Mtu mmoja akiacha sehemu yake ya tuta ibomoke, jirani zake wote watazama. Kwa hiyo tangu karne ya 13 walianzisha mabaraza ya maji. La Rijnland lilikwisha kuwapo mwaka 1255. Mwenye ardhi alilazimika kutoa kazi au fedha kwa ajili ya matuta na mifereji, na mzembe aliadhibiwa. Mabaraza hayo yangaliko, na wajumbe wake wengi huchaguliwa na wananchi. Hata hivyo bahari haijasahau njia yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ilibomoa matuta, na watu zaidi ya 1,800 wakafa katika Uholanzi. Tangu hapo matuta yameimarishwa kwa gharama kubwa mno.

Basi Mholanzi alizidiwa na maji. Sisi katika Kajiado twayakosa. Shida ni mbili, lakini kama tutakavyoona, dawa yake inafanana.

ASUBUHI: MAUA YA KITENGELA NA ISINYA

Tulipu si mmea wa asili wa Uholanzi. Ulitoka pande za Uturuki, na kiasi cha mwaka 1594 ulichanua katika bustani ya mtaalamu Carolus Clusius mjini Leiden. Watu waliupenda kupita kiasi, hata bei ya tunguu moja ikapanda kama bei ya nyumba, kisha mwezi wa Februari 1637 biashara hiyo ikaanguka ghafula. Waliobaki ni wakulima wenye subira. Katika bustani ya Keukenhof, iliyofungua milango yake mwaka 1950, hupandwa matunguu yapata milioni 7 kila mwaka, na maua huonekana kwa muda wa majuma manane tu.

Katika Kitengela na Isinya ua linalolimwa zaidi ni waridi, nalo halingoji majira. Ukipita barabara ya Namanga utaona mabanda makubwa ya plastiki nyeupe uwandani. Ndani yake waridi huchumwa kila siku. Mara likatwapo hutiwa ndooni penye maji, hupelekwa katika chumba cha baridi, hupangwa kwa urefu wa kikonyo, hufungwa, na kusafirishwa mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Mengi ya waridi za Kenya huishia palepale Uholanzi, katika mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer. Mnada huo una desturi yake: bei huanza juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye anunuaye. Kwa hiyo mgeni anayenunua shada la waridi baada ya kutazama tulipu pengine amebeba maji ya nyanda zetu bila kujua.

Twasema maji, kwa sababu ua ni maji yaliyovishwa rangi. Mabanda hayo hunyweshwa kwa mipira ya matone, na maji mengi hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Mashamba haya yamewapa kazi maelfu ya watu, hasa akina mama, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini maji ya chini ya ardhi hayana mpaka wala seng'enge. Visima kumi katika viwanja kumi huenda vyanywa katika mtungi mmoja.

Sasa na tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 500. Banda la hekta moja, yaani mita 10,000 za mraba, litapokea lita milioni 5. Mwenye shamba akiweka michirizi na kuchimba bwawa, ataacha maji mengi kisimani. Na wako wanaofanya hivyo. Hesabu hii ni ya kila mtu. Nyumba ya mabati yenye mita 50 za mraba itapokea lita 25,000. Hata robo ikipotea, zitabaki 18,750. Jamaa anayetumia lita 100 kwa siku atakuwa na maji ya siku 187, mradi awe na tangi la kutosha. Haba na haba hujaza kibaba.

ADHUHURI: MAZIWA YA KAJIADO

Jibini nayo ilizaliwa kwa shida. Malisho mengi ya Uholanzi yalikuwa na majimaji mno, hayakufaa nafaka, lakini yalifaa ng'ombe. Maziwa yalipokuwa mengi yaliharibika upesi. Basi Waholanzi waliyatia dawa itokayo katika tumbo la ndama, yakaganda; wakaukata mgando, wakaukamua maji yake, wakaushindilia katika chombo, wakautia katika maji ya chumvi, kisha wakauweka rafuni miezi mingi. Yapata lita 10 za maziwa hutoa kilo moja ya jibini ngumu. Jibini za Gouda na Edam zilipata sifa kwa sababu ziliweza kusafiri baharini bila kuoza. Kwa ufupi, jibini ni ghala ya maziwa.

Wamaasai nao walijua sana kuhifadhi maziwa. Mama wa nyumba, ambaye kwa desturi ndiye mwenye maziwa, husafisha kibuyu kwa kijinga cha mti wa mzeituni wa mwitu, kisha humimina maziwa ndani na kuyaacha yagande. Moshi huyapa harufu nzuri na kuyakawiza kuharibika. Maziwa hayo huitwa kule naoto, na mgeni apewaye kikombe chake amekaribishwa kweli.

Lakini kibuyu huhifadhi maziwa kwa siku, si kwa miezi. Na shida ya Kajiado ni ya miezi. Wakati wa masika maziwa ni mengi na bei yake hushuka. Wakati wa kiangazi hapana cha kukama. Wazee walihesabu miaka kwa majina ya njaa, na wa sasa hawatausahau ukame wa miaka 2020 hadi 2022, ambapo mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara. Kwa hiyo akina mama wakiungana kupoza maziwa, kuyauza pamoja, au kujifunza kutengeneza jibini wakati wa wingi, hawaigi anasa ya kigeni, wanajenga ghala. Hata hivyo ghala haina maana bila majani, na majani hayaoti mahali pasipopumzika.

ALASIRI: UPEPO WA KIPETO NA NGONG

Kutoka Kajiado turudi Isinya, tushike njia ya Kiserian. Hapo ndipo msafiri aonapo mitambo mirefu myeupe ya Kipeto, idadi yake 60, yenye uwezo wa megawati 100, iliyoanza kuuza umeme mwaka 1921 ukiongeza miaka mia, yaani 2021. Mbele zaidi, juu ya vilima vya Ngong, iko mitambo mingine. Miwili ya kwanza ililetwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji; baadaye kampuni ya KenGen iliongeza mingine mwaka 2009 na kuendelea, hata uwezo wake ukafika megawati 25.5.

Vinu hivi havivuti maji, bali hutoa umeme. Lakini vina fundisho. Katika Kipeto wenye ardhi hawakuuza ardhi yao. Waliikodisha, na ng'ombe wangali wanalisha chini ya mabawa. Tena wamewekwa watu wa kuwaangalia tumbusi, na ndege hao wakikaribia, mtambo husimamishwa. Yaonekana basi kwamba yawezekana kupata faida mpya bila kuifukuza ile ya zamani.

Na upepo waweza kuvuta maji pia. Huko Thika ilikuwako karakana iliyotengeneza pampu za upepo zilizoitwa Kijito, nazo ziliwekwa katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Siku hizi pampu nyingi hutumia jua.

JIONI: MTO MREFU

Wazee husema kwamba jina la Kajiado latokana na neno la Kimaasai Olkejuado, maana yake mto mrefu. Mto ni mali ya wote waishio kandokando yake. Wa juu akiuziba, wa chini hufa kiu. Zamani nyanda za Kitengela zilikuwa hivyo. Mifugo ilihama kufuata mvua, na nyumbu na punda milia walitoka katika Mbuga ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1946, wakaenda kuzaa uwandani. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi kumilikiwa na vikundi. Baadaye, tangu miaka ya 1980, vikundi vingi viligawana, kila mtu na hati yake. Wengi waliuza vipande. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Kitengela ulikuwa na watu zaidi ya 150,000.

Hatusemi kwamba kuwa na hati ni vibaya. Mholanzi naye ana hati ya shamba lake. Lakini alitambua mapema kwamba ardhi yaweza kugawanywa, maji hayagawanyiki. Kwa hiyo alimiliki shamba peke yake, na maji akayamiliki pamoja na jirani. Sisi tumegawanya ardhi, na baraza la maji bado ni changa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba maji ni amana ya wananchi wote, yataka kibali kwa kuchota maji mengi, na yatambua vyama vya watumiaji wa maji. Chama cha namna hiyo ndicho tuta letu. Mwenye shamba la maua, mfugaji, na mwenye plotijani wa mjini wakikaa katika baraza moja, wakapima visima na kukubaliana, mtungi utadumu. Kila mmoja akichimba kwa siri, mtungi utakauka, na hapo hati ya ardhi haitanywewa na ng'ombe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Paa la nyumba yako au la shule yenu lina mita ngapi za mraba? Hesabu lita ambazo lingepata kwa mvua ya milimita 500.

2. Katika mtaa wenu kuna visima virefu vingapi? Je, wenyewe wamewahi kukutana?

3. Jibini ni ghala ya maziwa. Taja ghala nyingine ambazo wafugaji wangeweza kuwa nazo kabla ya kiangazi.

4. Kwa nini Waholanzi waliona kwamba tuta la jirani ni tuta lao?