Insha ya Hoja: Rununu, Runinga na Chaguo la Mteja

SWALI: "Vijana wengi hupendelea kutazama filamu kwenye rununu kuliko kwenye runinga." Jadili.

Swali hili huonekana rahisi, na hapo ndipo watahiniwa wengi huteleza. Mada wanaijua, na rununu wanaitumia kila likizo. Basi hukimbilia kuandika kwamba rununu ni ya kisasa, ni nyepesi, na kwamba teknolojia imeufanya ulimwengu kuwa kijiji. (Mtahini amekutana na kijiji hicho tangu asubuhi. Kiepuke.)

Kabla hujaandika lolote, pigia mstari neno "hupendelea". Kupendelea kitu na kukitumia ni mambo mawili. Jirani anayekula sukuma wiki kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hajathibitisha kwamba anaipenda kuliko nyama. Huenda bei ya nyama imemshinda. Vivyo hivyo, kijana anayetazama filamu kwenye rununu huenda kwao hakuna runinga, au runinga iko sebuleni na baba anafuatilia taarifa ya habari. Chaguo la mteja huonyesha anachopenda na pia anachoweza kumudu. Insha yako itapata uzito ukiyatenganisha hayo mawili.

Anza na gharama ya data, kwa sababu hapo una hesabu ya kukuunga mkono. Kutiririsha video ni kuitazama huku ikiingia kutoka mtandaoni, bila kuipakua kwanza, na kila dakika ina bei yake. Netflix hueleza kwamba rununu ikiwekwa katika hali ya kuokoa data, GB 1 hutosha kwa takriban saa 6. Video ya ubora wa juu kwenye runinga inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja. Kwa hivyo filamu ya saa 2 itatumia theluthi moja ya GB kwenye rununu, na hadi GB 6 kwenye runinga. Hiyo ni tofauti ya mara 18! Isitoshe, picha hafifu haionekani sana kwenye kioo kidogo, ilhali kwenye runinga kubwa inakera. Anayenunua data ya siku moja moja hahitaji kuelezwa zaidi.

Suala la ada ya huduma lina historia inayofaa kutajwa. Netflix iliingia Kenya Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 100. Julai 2019 ilianzisha nchini India mpango nafuu wa rupia 199 kwa mwezi, wa rununu na tableti pekee. Septemba 2021 ikawapa Wakenya wenye rununu za Android mpango usiolipiwa, wenye sehemu tu ya filamu zake. Mpango huo ulikomeshwa Novemba 2023. Usiishie kutaja tarehe. Jiulize: kwa nini kampuni ilegeze bei kwenye rununu tu? Jibu la busara ni kwamba kifaa tayari kilikuwa mikononi mwa watu. Kilichowashinda ni ada. Aliyejiunga kwa kuwa ni bure alipitia mlango uliokuwa wazi. Huwezi kusema kwa yakini kwamba aliupenda mlango huo kuliko mingine.

Hata hivyo, usiigeuze insha nzima kuwa kilio cha umaskini. Upendeleo wa kweli upo. Mwaka 2007 iPhone ya kwanza ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Samsung ilipotoa Galaxy Note ya inchi 5.3 mwaka 2011, wapo wachambuzi walioikejeli kwa ukubwa wake. Wateja waliinunua, na mwaka 2014 Apple yenyewe ikatoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Tecno, ya kampuni ya Transsion kutoka China, ilijijengea jina barani Afrika kwa rununu za laini mbili, betri inayodumu na kamera iliyorekebishwa ili nyuso nyeusi zionekane vizuri. Hapa wateja walipata walichokitaka hasa. Ongeza faragha: kijana huvaa visikizi na kutazama akipendacho, saa aipendayo, bila kuuliza mtu.

Upande wa kupinga una hoja moja nzito. Februari 2025 YouTube ilitangaza kwamba nchini Marekani runinga imeipiku rununu kwa muda ambao watu hutumia kuitazama. Inaelekea kwamba penye runinga kubwa na intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa GB, wengi hurudi kwenye kochi. Hata hapa kwetu, fainali ya Kombe la Dunia haitazamwi peke yako chini ya blanketi.

Sasa linganisha aya hizi mbili.

Aya dhaifu: Vijana wanapenda rununu kwa sababu ni nzuri na zina mambo mengi ya kisasa ambayo runinga haina.

Aya yenye nguvu: Vijana wengi hutazama filamu kwenye rununu kwa sababu ya gharama. Filamu ya saa mbili ikitazamwa kwa hali ya kuokoa data haimalizi hata nusu ya GB, ilhali kwenye runinga inaweza kumaliza GB sita. Kwa kijana asiye na kipato, hili si suala la ladha bali la mfuko.

Aya ya pili ina hoja, ithibati na maelezo ya maana ya ithibati hiyo. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo husahaulika zaidi.

ZOEZI
1. Andika aya moja ya kuunga mkono kauli ya swali ukitumia mfano wa ukubwa wa kioo.
2. Waulize watu watano nyumbani: "Ungekuwa na data isiyokwisha na runinga yako mwenyewe, ungetazamia wapi?" Tumia majibu yao kuandika aya mbili zinazopingana.
3. Andika insha kamili ya swali lililo juu. Jipe dakika 50, na neno "kijiji" lisitokee.