Mstari Mwekundu Chini ya Kiswahili Chetu

Katika toleo la mwaka jana la jarida hili, kwenye tanzia ya bawabu wetu, mzee tuliyempenda sote, neno "marehemu" lilichapishwa "malehemu". Aliyeupiga chapa ukurasa ule ni mimi. Wako waliocheka. Mjukuu wake, aliyekuwa kidato cha kwanza wakati huo, hakucheka.

Mtauliza, kwani kompyuta haikunionya? Ilinionya, tena kupita kiasi! Tahajia iliyoijua ni ya Kiingereza pekee, kwa hiyo ililitilia kila neno la Kiswahili mstari mwekundu. "Mzee" mstari, "wetu" mstari, "alifariki" mstari. Kosa langu moja likajificha katikati ya maneno mia yasiyo na kosa. Mwalimu mlezi wa chama akaniambia, "Mwaka huu wewe ndiwe utakayetafuta dawa."

Kumbe dawa ipo zamani. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka wa 2010, nayo ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, kazi ya Jason Githeko, msomi wa Chuo Kikuu cha Egerton hapa kwetu Kenya. Kamusi hiyo ni programu-jalizi, yaani haijitegemei, bali huipa programu kubwa uwezo iliokosa.

Sasa shida yetu. Kompyuta za maabara zinatumia Windows. Moja kuukuu, ambayo Windows mpya iliilemea, imewekwa Linux. Mwalimu mlezi ana Mac yake. Nami nyumbani Utange sina kompyuta, huandika saiba jioni nikitoka shule, kisha kazi naibeba kwa flashi. Je, programu-jalizi moja itafanya kazi kote huko?

Mama ana daftari la mapishi. Ameandika humo mahamri: unga, sukari, iliki, tui la nazi. Jirani mwenye jiko la makaa akiliazima daftari, mahamri yatatoka. Mwenye gesi vilevile, mwenye stima vilevile. Lakini jiko lenyewe huliazimi hivyo, maana la gesi haliwashwi kwa makaa. Programu nazo ni hivyo hivyo. Sehemu iliyokwisha kugeuzwa kuwa amri za mashine hutengenezwa upya kwa kila mfumo endeshi: Windows hutaka faili yenye mwisho wa .dll, Linux .so, Mac .dylib. Anayetengeneza programu-jalizi ya namna hiyo hana budi kupika mara tatu.

Kamusi yetu ni daftari, si jiko. Faili yake huishia kwa .oxt, lakini ukibadilisha mwisho huo uwe .zip utaifungua kama furushi lolote. Ndani mna maandishi matupu: sw_TZ.dic ndiyo orodha ya maneno, sw_TZ.aff ndizo kanuni za viambishi, na faili nyingine ndogo inayosema hizo mbili ziko wapi. (TZ ni Tanzania. Ndugu Wakenya, tusione wivu.) Jiko linaitwa Hunspell. Alilitengeneza László Németh wa Hungaria, kwa sababu Kihungaria nacho hubandika viambishi hadi mtu achoke. Hebu pigeni hesabu yetu: nafsi sita kwa nyakati na hali nne, "pika" pekee limekuwa maneno 24, kabla hujasema ni nani anayepikiwa! Ndiyo maana maneno marefu kama "hatutawapikia" huenda yakatiwa mstari hata yakiwa sahihi.

Basi mimi nikaona niongeze maneno yetu: Utange, Shanzu, Majaoni, na ya Kimvita kama "ndia" na "mato", ambayo washairi wa chama hawaachi kuyatumia. Saiba ikakubali. Maabara ikakubali. Mac ya mwalimu ikakubali. Kwenye ile ya Linux nikafungua shairi la rafiki yangu, hakuna hata mstari mmoja. Nilifurahi wallahi! Kisha roho ikanidunda. Nikaandika "malehemu" makusudi. Kimya.

Haikuwa imelisamehe. Haikuwa na kamusi kabisa, na lugha isiyo na kamusi haikaguliwi. Nilitafuta siku mbili. Kosa lilikuwa kwamba pale saiba nilihifadhi faili kwa jina SW_TZ.dic, kwa herufi kubwa. Kwa Windows, na kwa kawaida Mac pia, SW na sw ni jina moja. Kwa Linux ni majina mawili tofauti, kwa hiyo ilitafuta sw_TZ.dic ikaikosa. Nikabadilisha herufi mbili tu, na mistari ikarudi mahali pake. Kwangu kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mistari yote ya mwaka jana, maana mistari angalau ilinikera. Tangu siku hiyo, kwenye kila mashine kwanza naandika neno bovu nione kama litakamatwa.

Na hata ikikamata, haijui maana. Sisi tunaochanganya l na r tukiandika "tumekura wali", huenda ikakamata. Lakini "kula zimehesabiwa" itapita, kwa kuwa "kula" ni neno halali.

Tanzia ya mzee imechapishwa upya katika ukurasa wa mwisho wa toleo hili. Niliipitisha kwenye mashine zote tatu, kisha nikampa mjukuu wake aisome kwa macho yake kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Alipata koma moja iliyokaa vibaya.