Matbaa Ndogo, Sharti Kubwa: Kutoka Sahifa ya Mombasa hadi Transition ya Kampala



Ndugu msomaji, somo letu la muhula huu ni historia ya majarida madogo, yaani yale yanayoanzishwa na mtu mmoja au kikundi, bila serikali wala kampuni kubwa nyuma yake. Nimelichagua kwa sababu tuna jambo mkononi. Kamati ya jumuiya yetu imeletewa ahadi ya mfadhili atakayelipia uchapaji wa jarida hili kwa mwaka mzima, kwa sharti kwamba makala zote zipitie kwake kwanza, na asiyoiridhia isitoke. Baadhi ya ndugu wanasema tukubali, maana mfuko ni mtupu. Wengine wanasema tuachane na karatasi kabisa, tubaki na kundi la WhatsApp. Mimi nina msimamo wangu na nitausema, lakini kwanza tusome.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mchapaji ni mwenye mashine, kama wale mafundi wa Nasser Road. Unampa kazi, anachapa, unamlipa. Mchapishaji ni yule anayeamua nini kitoke, anayebeba gharama, na anayeulizwa jambo likiharibika. Unaweza kuwa mchapishaji bila kumiliki hata chupa ya wino. Swali la mfadhili wetu, kwa hiyo, halihusu mashine. Linahusu nani atakuwa mchapishaji.

Waislamu wa pwani hawakuchelewa kujua matbaa. Sultani Barghash aliileta Unguja, na kufikia miaka ya 1880 ilikuwa ikichapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia. Mwaka 1911 likatoka hukohuko gazeti la Kiarabu, Al-Najah, chini ya mshairi na mwanachuoni Abu Muslim al-Bahlani. Kutoka Cairo kulikuwa na Al-Manar, aliloliasisi Rashid Rida mwaka 1898 kama gazeti la wiki la kurasa nane, baadaye likawa la mwezi. Aliliendesha hadi alipofariki mwaka 1935. Tukumbuke kwamba jarida hilo lilijibu maswali ya watu wa mbali sana. Fatwa maarufu ya Sheikh Muhammad Abduh ya mwaka 1903, kuhusu kuvaa kofia za Kizungu, nyama ya Ahlul-Kitabi na Mshafii kuswali nyuma ya Mhanafi, ilitokana na maswali ya Mwislamu wa Transvaal, Afrika Kusini, na Al-Manar ndilo lililoitetea wapinzani walipoishambulia.

Miongoni mwa waliolisoma Al-Manar alikuwamo kijana wa Mombasa, Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Hapa nitakaa kidogo, kwani huyu ndiye mwalimu wetu katika somo hili.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa Sahifa. Jina lenyewe maana yake ni ukurasa, na kweli kilikuwa kitu kidogo: makala fupi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mtu wa leo anaweza kuuliza kwa nini hakutumia herufi za Kirumi ambazo serikali ya kikoloni ilikuwa ikizifundisha shuleni. Jibu ni wasomaji wake. Mzee wa Mji wa Kale aliyepita chuoni, na mama aliyehifadhi juzuu zake nyumbani, walisoma herufi za Kiarabu. Na kwa nini asiandike Kiarabu, lugha ya elimu aliyobobea? Kwa sababu hiyohiyo. Wenye Kiarabu walikwisha kuwa na vitabu. Wasio na kitu walikuwa wengine.

Aliandika juu ya nini? Juu ya elimu ya wasichana, uvivu, israfu katika sherehe, kuiga Wazungu katika mavazi na kuacha kuwaiga katika bidii, na kupoteza ardhi na biashara. Mambo ya barazani, lakini yamepangwa na mtu mwenye fiqhi. Napenda kwamba makala zake zinasomeka kwa dakika chache. Sisi tuliozoea kuandika insha za mhadhiri tungefaidika sana kumwiga katika hilo.

Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, lenye Kiswahili na Kiarabu. Mwaka huohuo akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Al-Islah halikudumu. Ukadhi una kazi zake, na kadhi analipwa na serikali. Silaumu, wala sidhani kwamba kuna wa kulaumiwa. Nasema tu kwamba kalamu ile ya magazeti ilikuwa huru zaidi kabla ya ofisi.

Gazeti hufa, makala si lazima zife. Za Sahifa zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, kilichotoka Mombasa mwaka 1944, na mwaka 2017 zikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza huko Leiden, Uholanzi. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alifuata njia hiyo katika miaka ya 1970 kwa kijarida chake Sauti ya Haki. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, kabla tafsiri yake ya Qur'ani haijatoka nzima mwaka 1969, alikwisha kuitoa kwa sehemu sehemu. Hiyo ni mbinu ya kimaskini na nzuri: sehemu ya kwanza ikinunuliwa, inalipia ya pili.

Sasa tuje hapa kwetu Uganda. Mwaka 1961 Rajat Neogi, kijana mzaliwa wa Kampala mwenye asili ya Kihindi, alianzisha Transition. Ni jarida la Kiingereza na si la dini, lakini lina nasaba na tuliyoyasoma. Mmoja wa waandishi wake wakubwa alikuwa Profesa Ali Mazrui wa Makerere, mtoto wa Sheikh Al-Amin. Makala yake ya mwaka 1966 juu ya Kwame Nkrumah, aliyekuwa amepinduliwa tu, ilizua mabishano makali katika kurasa za barua. (Nkrumah Road na Nasser Road zinapakana pale mjini. Anayekwenda kuchapisha lolote lazima ampite mmoja wao.)

Transition lilikuwa na jambo moja ambalo lazima tulitazame kwa macho makavu. Lilipata fedha kutoka Congress for Cultural Freedom, shirika lenye makao Paris, na katika miaka ya 1966 na 1967 ikafichuka kwamba shirika hilo lilikuwa likilishwa na CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Neogi alisema hakujua. Hata hivyo doa lilibaki, na waliolichukia jarida walipata fimbo ya kulichapia.

Pigo la pili lilitoka serikalini. Abu Mayanja, mwanasheria Mwislamu na mbunge, aliandika humo akiikosoa rasimu ya katiba, kisha suala la kuwapa Waafrika ujaji. Oktoba 1968 yeye na Neogi walikamatwa chini ya serikali ya Obote kwa tuhuma za uchochezi. Mahakama iliwaachia huru mwanzoni mwa mwaka 1969, lakini wakashikiliwa tena kwa sheria za hali ya hatari, na Mayanja alikaa ndani muda mrefu kuliko mwenzake. Baadaye jarida lilihamia Accra, na mwaka 1976 likafa, ingawa lilifufuliwa Marekani mwaka 1991.

Na kuna jambo la lugha. Mwaka 1963 Transition lilichapisha makala ya Obi Wali wa Nigeria, aliyedai kwamba fasihi ya Afrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imefika mwisho wa njia. Dai hilo lilitoka kwa Kiingereza, katika jarida la Kiingereza. Sheikh Al-Amin alikwisha kulijibu Mombasa miaka 33 nyuma, bila kubishana na mtu. Kwetu Uganda bado wapo wanaodhani Kiswahili ni cha kambini, na hizi kurasa chache ni miongoni mwa pahala pachache ambapo mwanafunzi Mwislamu anaweza kukisoma kikizungumzia elimu.

Turudi kwenye sharti. Katika fiqhi ya miamala tumesoma hadithi iliyo katika Sunan ya Tirmidhi, kwamba Waislamu wanafungwa na masharti waliyokubaliana, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Ndugu zetu wanaosema tuchukue fedha kisha tutaona, wanasahau hadithi hii. Tukitia saini, hatutakuwa na ruhusa ya kukwepa. Tutapaswa kupeleka kila makala, hata ile inayouliza kwa nini nauli ya wanafunzi imepanda, au kwa nini dada zetu hawana nafasi ya kutosha msikitini, na akisema hapana itakuwa hapana.

Hofu ya mfadhili si ya kijinga. Anaogopa hadithi dhaifu, na anaogopa tugombane juu ya maulidi na kunuti mbele ya watu. Suuratul Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuitenda, na jarida la Kiislamu lisilohakiki halina haki ya kujiita hivyo. Kwa hiyo napendekeza tumpe anachokihitaji, tusimpe anachokiomba: maustadhi wawili wa kitivo wapitie aya na hadithi tu, majina yao yaandikwe ukurasa wa pili, na anayepinga makala apewe nafasi ya kujibu toleo linalofuata. Akikubali hivyo, tuchukue fedha na tumtangaze waziwazi kama mfadhili. Akikataa, tumshukuru tumwache.

WhatsApp haitoshi. Ujumbe wa Ramadhani iliyopita sijui uko wapi, lakini Uwongozi bado unasomwa.

Bila mfadhili tunaweza kuchapa. Kurasa za kijarida cha pini lazima zigawanyike kwa nne, basi tushuke kutoka 32 hadi 16. Gharama kubwa ya ofseti iko kwenye kutengeneza pleti, hivyo nakala chache sana zinatoka ghali mno kwa kila moja. Tukichapa matoleo mawili kwa mwaka badala ya matatu, tuongeze idadi ya kila toleo. Nakala tunazopeleka vyuo vingine kwa mali kauli ziandikwe: ngapi, nani amepokea, atalipa lini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suuratul Baqara, inahusu kuandika madeni, na sisi wanafunzi wa dini ndio tunaodaiana kwa mdomo. Nimemkabidhi mweka hazina hesabu hiyo pamoja na bei za wachapaji watatu. Anayetaka kuiona kabla ya kikao amwone yeye baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.