SOMO LA AFYA: RANGI YA CHAKULA NA MWILI WA MTOTO



Tunapodai mshahara wa haki, tunadai chakula cha watoto wetu. Yatupasa basi tujue chakula hicho kinafanya kazi gani mwilini. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2019–2020 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Rwanda walio chini ya miaka 5, watoto 33 walikuwa wamedumaa. Njaa ya tumbo si sababu pekee. Mtoto aweza kushiba viazi na ugali kila siku, na bado mwili wake ukakosa vitu muhimu.

1. Rangi ina kazi gani?

Rangi ya karoti, boga na papai hutokana na karotini. Mkemia Mjerumani Wackenroder aliitoa katika karoti mwaka 1831, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo haoni vizuri jua likizama, na surua na kuhara humshika kwa ukali zaidi. Upungufu ukizidi, aweza kupofuka.

Majani ya dodo (ng'ambo ya mpaka, Goma, huitwa lengalenga), sombe na majani ya maboga yana karotini pia, ila imefunikwa na rangi ya kijani. Kijani kikikoza, karotini huwa nyingi. Kabichi nyeupe na viazi mviringo karibu havina kabisa.

2. Mafuta kidogo ni lazima

Karotini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hupoteza sehemu kubwa ya faida yake, kwa kuwa utumbo hauwezi kuifyonza vizuri. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha sahani ya mtoto. Mawese mekundu ni bora, kwani yenyewe yamejaa karotini. Lakini yakichomwa mpaka yawe meupe, karotini imeharibika.

3. Rangi ya shambani na rangi ya chupa

Soda ya rangi ya machungwa si chungwa. Chupa ya sentilita 30 huwa na sukari ya gramu 30 hivi au zaidi, yaani vijiko 7 vya chai. Sukari hiyo huingia katika damu kwa haraka, na mwili huweka ziada kama mafuta. Tunda zima lina nyuzinyuzi zinazopunguza mwendo huo. Wachunguzi wa Marekani wamekuta kwamba watoto wanene kupita kiasi wana karotini kidogo katika damu kuliko wenzao. Hilo halithibitishi kwamba rangi peke yake huzuia unene. Linatuonya kwamba unene si ushahidi wa kulishwa vizuri.

4. Mfano wa jirani

Mwaka 2016 mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kazi yake ilikuwa kuzalisha viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani. Kiazi kidogo cha gramu 125 cha aina hiyo chaweza kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Viazi hivyo hulimwa Rwanda pia.

5. Tufanye nini?

Mboga za Rubavu huuzwa Kigali na Goma. Mwenye shamba asiuze karoti zote, abakize za watoto. Mchuma chai wa Pfunda na mfanyakazi wa kiwandani mjini Gisenyi, wakikosa shamba, wanaweza kupanda dodo katika magunia ya udongo mlangoni. Bei ya soda moja ielekezwe kwenye mboga za majani na mafuta. Rangi hazitoshi peke yake: maharage na sambaza wa Ziwa Kivu huleta nguvu ya kukuza mwili. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu, na mama ndiye ale mboga hizo.

Maswali ya kujadili katika tawi:

(a) Watoto wetu walikula rangi zipi wiki hii?
(b) Je, chakula cha kazini na cha watoto wanaoachwa kwa walezi kina mboga za majani?
(c) Tunaweza kumwomba mwajiri atupatie kipande cha ardhi cha bustani ya pamoja?

Majibu yaandikwe, yaletwe katika mkutano ujao.