Mnyama Aliyepokewa Nyumbani ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika nchi ya Kyela, kutoka Itungi hata Matema, mpunga ukiisha kuvunwa na kuwekwa ndani, panya nao huja. Hapo mtu humwendea jirani kuomba mtoto wa paka. Mpunga ukiisha, wako wamtupao yule paka sokoni au kando ya ziwa, wakidhani kuwa jambo hilo halina hukumu. Dhana hiyo si sahihi.

Mas-ala ya kwanza: Je, paka ni najisi? La. Katika madhehebu ya Imamu Shafii paka ni twahara. Imepokewa kwamba Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu hata akanywa, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema si najisi, bali ni katika wazungukao majumbani mwetu.

Mas-ala ya pili: Chakula chake ni juu ya nani? Ni juu ya mwenyewe, na ni wajibu. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa mwenye mnyama akikataa kumlisha, hulazimishwa ama amlishe ama amwuze. Na akiwa ni mnyama wa kuliwa, aweza pia kumchinja. Kumtupa afe njaa hakumo. Na khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula ni mashuhuri.

Mas-ala ya tatu: Na anayemtunza kwa muda tu? Katika miji mingine ziko nyumba za kupokea wanyama waliotupwa. Mathalan Nairobi kiko chama cha KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Hupokea mbwa na paka, kisha huwakabidhi wenye kuwataka. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na jirani, mwenziwe akisafiri. Huyo ameshika amana. Asipoachiwa chakula, amtafute mwenyewe au wakili wake. Asipowapata, ende kwa kadhi. Akiacha kumlisha hata akafa, atalipa.

Mas-ala ya nne: Na mbwa? Yeye ni najisi; chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wala hafugwi illa kwa haja: kuwinda, kuchunga mifugo, kulinda shamba, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kulinda nyumba. Kumwuza hakusihi. Lakini unajisi wake hauondoi haki yake ya kuhurumiwa: mtu mmoja alimnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Mwenye kumfuga na amchanje sindano ya kichaa, maana ugonjwa huo ukiisha kumdhihirikia mtu, ni nadra mno kupona.

Basi, ewe ndugu, kabla hujaomba mtoto wa paka, tazama kwanza kama utamlisha hata siku ambayo panya hawako. Ukishindwa, mpe mwenye kumtaka, mkono kwa mkono. Usimwache njiani.

Wallahu aalam.